Golini Hapachimbwi

Babati, Jumatatu, 11 Aprili 1983

Wewe uliyeshika daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako: lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi soma kimya, usitikise midomo, na ukimaliza usimwambie mtu hata neno moja. Si padri, si mchungaji, si mkeo. Hasa usimwambie Mama Zena, mwenye nyumba wangu, maana akijua yeye stendi nzima imejua. Na kama wewe ni mgambo, daftari hili si langu. Nimeliokota.

Naitwa Heriel. Ni karani wa masjala. Nimemaliza kidato cha sita na mwandiko wangu unasifiwa hadi Arusha. Kwa bahati mbaya pia ni mrefu, na hicho ndicho chanzo cha yote. Kipa wa Viboko, timu yetu ya mjini, alivunjika bega mwezi uliopita. Mzee Fabiani, mwenye bucha na mwenyekiti wa timu, akanitazama kutoka chini hadi juu kama anavyotazama ng'ombe mnadani, akasema huyu hana haja hata ya kuruka. Ningekataa. Lakini Mzee Fabiani ndiye baba yake Ursula, mpiga taipu wetu, nami kwa chochote chenye harufu ya Ursula sikatai.

Ukweli ni huu: naogopa mpira. Ukija, nafumba macho. Jana Nakwa walitufunga manne, mechi ya kirafiki, na mashabiki wakaimba kwamba golini kwetu kuna nguzo tatu na ya katikati ndiyo mbovu. Ursula alikuwepo. Alicheka kwa adabu, kitambaa mdomoni, lakini alicheka.

Jioni hii, balaa la pili. Shangazi Eliakunda kashuka kwenye lori la vitunguu akiwa na tenga. Juu vitunguu. Chini, Mungu wangu, sabuni! Miche mirefu ya sabuni ya Kenya, imejipanga kama watoto wa shule mstarini. Nikamuuliza kama hasikilizi redio. Hajui kwamba wenye kuficha bidhaa wanakamatwa nchi nzima, wanaitwa wahujumu? Akasema anasikiliza sana, ndiyo maana anaiacha kwangu na si kwake. Halafu akalainika. Si ya biashara, ni ya posa yangu. Mwaka huu, alisema, msichana hatafutwi kwa maneno matamu, anatafutwa kwa povu. Akapanda lori lile lile, akaenda zake Singida.

Nimelisukuma tenga chini ya kitanda. Nimekaa juu ya kitanda. Sijala.

Jumatano, 13 Aprili

Sabuni inanuka! Hilo sikulifikiria. Mji mzima unafua kwa majani ya mpapai, mji mzima unanuka mpapai, halafu chumba kimoja kinanuka harusi. Mama Zena kasimama mlangoni kwangu asubuhi, pua juu kama mbwa wa polisi. Akauliza, baba, humo ndani umeingiza mgeni? Nikasema ni dawa ya mba. Akasema huyo mba wangu anaishi vizuri kuliko yeye.

Ofisini nako hakukalika. Ursula aliacha kupiga taipu, akasema leo masjala inanukia, akatazama mkono wa shati langu. Nikasema ni wino mpya. Akasema ahaa. Ahaa ya Ursula ni ndefu kuliko barua za wengine.

Habari za mjini: mgambo wamepekua nyumba za Mutuka. Mfanyabiashara mmoja kamwaga sukari yake ziwani kwa hofu, na wanasema viboko wa huko sasa hawataki majani makavu. Watu wanacheka. Mimi sicheki. Kesho watapekua huku.

Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Niifiche ofisini? Kuna panya, na kuna bosi. Kanisani? Nitaimbaje kwaya nikiwa nimeikalia? Ziwani? Wapo viboko wenyewe.

Halafu, wakati napiga mswaki kwa mkaa, wazo! Golini! Goli la upande wa ziwani. Mbele ya mstari pana shimo lililochimbwa na visigino vya makipa tangu uhuru. Mvua ikinyesha linakuwa josho. Na hakuna mtu Babati hii, mkubwa kwa mdogo, awezaye kutia jembe pale. Kila mtu anajua kwamba golini ndiko timu zinakozika dawa zao. Ukichimba, mkono unakauka. Kwa hiyo golini hapachimbwi. Ni mahali salama kuliko benki.

Nimeshangaa mwenyewe. Elimu ni kitu kikubwa.

Ijumaa, 15 Aprili

Imefanyika, na imeharibika.

Jana alfajiri, ukungu umetoka ziwani umefunika uwanja mzima. Nilipiga magoti golini, nikachimba, nikalaza miche yote ndani ya gunia, nikafukia, nikakanyagakanyaga. Nikafunga taulo langu kwenye nguzo ili nisisahau upande. Kwa woga nilikuwa nanong'ona Zaburi, na kila mstari nikiufikia namwagia udongo. Kuinua kichwa, nikamwona Anselimu.

Anselimu ni kuli wa ghala la mahindi na kipa wetu wa akiba. Mikono yake hudaka gunia zima likitupwa kutoka kwenye lori. Mdomo wake haujawahi kudaka kitu. Alikuwa amesimama na baiskeli yake, macho yamemtoka. Nikamwambia habari za asubuhi. Akatupa baiskeli akakimbia. Baiskeli ilibaki, gurudumu linazunguka.

Kufikia saa ya chai, watu walikuwa wananipisha njia. Mama muuza maandazi alikataa kunitazama usoni, akanipa andazi kubwa. Mzee Fabiani kaniita bucha. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ambayo huwa anamwekea paroko. Akasema, kijana, sasa nimeelewa kwa nini unafumba macho mpira ukija. Nikafungua mdomo nikane. Kabla neno halijatoka, akanitilia mkononi kipande cha steki kisicho na mfupa hata mmoja.

Mtu akane vipi, akiwa na steki mkononi?

Ursula kaniuliza polepole, mashine ikiwa kimya, kama ni kweli Pasaka nilikwenda Sumbawanga kwa waganga. Nikamwambia yapo mambo ambayo msomi hayasemi. Akasema basi ataniombea rozari. Lakini ataanza Jumatatu, mechi ikishapita.

Jumapili, 17 Aprili

Nusu fainali ya Kombe la Fahali, bingwa anapewa fahali mzima. Sisi na Mutuka.

Mutuka walikuja na kamati yao ya ufundi, yaani wale wazee wawili wa timu wasiojua mpira ila wanajua mengine. Mmoja alinyunyiza maji ya chupa kwenye goli la ziwani. Mwenzake akapasua yai. Nilitaka kupiga kelele. Yai kwenye sabuni ya posa!

Kipindi cha kwanza goli la ziwani lilikuwa lao. Kipa wao akakataa kulikaribia. Alisimama mbele mbali, kama mtu anayesubiri basi, anatazama nyuma kuliko mbele. Winga wetu akauinua mpira juu ya kichwa chake, ukadunda mwenyewe mpaka ndani. Nyavu hatuna, za mwisho zilionekana ziwani zikivua kambale. Lakini mpira ulikwenda mpaka majanini, hakuna wa kubisha.

Kipindi cha pili nikaingia mimi. Nikasimama juu ya sabuni. Mutuka hawakuja! Walifika karibu na boksi wakageuka kama mbuzi walioona maji. Kocha wao akawatukana, akawaita wajane. Mmoja akamjibu aingie yeye. Wakawa wanapiga kutoka mbali, mpira wenyewe umeshonwa na fundi viatu na una kipande cha tairi, hauruki bali unaguna. Mmoja ulikuja. Nikafumba macho. Nikasikia umegonga nguzo penye taulo. Uwanja ukalipuka. Wakasema nimeusimamisha kwa macho yaliyofumbwa!

Tumeshinda moja bila. Nimebebwa juu mpaka bucha. Nimeonja utukufu. Unanuka jasho na mpapai, lakini ni utukufu.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimepanga jambo zito usiku kucha. Kipa hata awe na sifa gani, atapigwa mpira. Kocha hapigwi. Kocha huvaa shati safi, husimama pembeni, hulaumu. Kocha ni mkwe anayefaa. Kipa ni mtu mwenye matope magotini.

Basi leo nikamwendea Mzee Fabiani, nikamweleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba ufundi kama wangu haupaswi kugongwagongwa. Unahitaji utulivu. Akafikiri, kisu mkononi. Akasema ni kweli, hata redio huwezi kuitupa.

Kocha wetu, Mwalimu Egidius, alipopata habari alivua filimbi shingoni akaitupa juu ya meza ya bucha, kati ya utumbo. Akasema yeye amesomea michezo, hakusomea mazishi. Akaondoka. Nilimwonea huruma kwa muda ambao nilikuwa naiosha ile filimbi.

Sasa mimi ni kocha! Kipa ni Anselimu. Kabla sijapiga filimbi hata mara moja, nilirudi nyumbani nikaandika jina langu mara nyingi kwenye karatasi, na neno Kocha mbele yake. Linakaa vizuri.

Jumatano, 20 Aprili

Mazoezi ya kwanza. Nilibeba ubao wa masjala, nikachora pembe na mishale kama somo la fizikia. Wachezaji walitazama sana. Kapteni akauliza ule mshale mrefu ni mpira au ni barabara ya Dodoma.

Halafu Anselimu akaingia goli la ziwani akaanza kuchimba kwa kisigino, kama makipa wote. Nilikaribia kuzimia. Nikampigia filimbi. Nikatangaza sheria mpya: kipa wa kisasa hachimbi. Anasimama kwa ncha za vidole. Na kuruka kudaka ni marufuku kabisa. Kujitupa chini ni mambo ya wakoloni.

Anselimu akaniuliza, kwa heshima, basi mpira wa chini unadakwaje, kocha? Nikamwambia unadakwa kwa fikra. Akaitikia ndiyo kocha, akasimama juu ya vidole vyake kama korongo. Nilimsikia akimwambia beki kwamba dawa hii ina masharti kuliko ya mganga wa Kwamtoro.

Nimerudi nimekuta mgambo ndani ya nyumba. Wamekung'uta godoro langu. Wamefungua sanduku. Wamekuta Biblia, suruali ya pili, na majani ya mpapai. Kamanda wao akanusa, akanusa tena, akaniuliza kuna nini. Nikasema ni sifa za Mungu tu, mkubwa. Akaondoka. Nilirudisha godoro mahali pake kwa fahari. Nani tena angewaza golini?

Na zaidi! Mzee Fabiani kanivuta pembeni. Tukimchukua yule fahali Jumapili, nitume mshenga, hatakuwa na neno. Mama Ursula naye kanipitia ofisini na kapu tupu. Alisema hataki makuu, yeye ni mkulima kutoka Mbulu juu, ng'ombe anawajua tangu utoto, hawamshangazi. Kisha akainama sikioni kwangu: ila mwanangu, ukija na mche mmoja wa sabuni, hata nusu, mimi nitapiga vigelegele mpaka wasikie Dareda.

Mmoja! Mimi ninayo ya kutandika barabara. Lazima nikaichimbue kabla ya fainali. Nitaiweka wapi nikishaichimbua? Sijui. Hilo nitalifikiria kesho.

Ijumaa, 22 Aprili

Mvua. Tangu jana, mvua.

Na Nangara, ambao ndio tunaocheza nao fainali, wameweka mlinzi golini! Wanasema tusije tukaongeza dawa. Ni Mzee Sylvesta, mwenye koti la jeshi na fimbo ndefu, amejenga kibanda cha migomba nyuma ya nguzo, ana hata kiti. Nilikwenda jioni na mwavuli wa ofisi. Shikamoo mzee. Marahaba, mchawi. Nikakaa. Nikamwambia mzee wangu, nimekuja kwa amani, nataka niitoe mwenyewe, mpira uchezwe kwa haki. Niazime tu jembe na unigeuzie mgongo kidogo.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ameishi tangu wakati wa Mwingereza, amewaona makocha wanaozika, amewaona wanaokana. Kocha anayeomba kufukua dawa yake mwenyewe hajawahi kumwona. Basi hiyo lazima ni mbinu. Nikamsihi. Nikamwambia itaharibika kwa maji. Akaruka kutoka kitini kwa furaha. Kumbe inaharibika kwa maji! Akatoka mvuani akazibua mfereji wa uwanja kwa fimbo, maji yote yakageuka kuelekea golini.

Nimerudi nimelowa. Mwavuli wa ofisi umegeuka nje ndani. Elimu haikunisaidia hapa.

Jumapili, 24 Aprili

Nitajaribu kufuata mpangilio.

Watu walijaa. Fahali amefungwa kwenye mti, mweupe, mzuri, anacheua. Mama Zena kakaa mstari wa mbele na beseni kichwani kwa ajili ya mvua. Kamanda wa mgambo yupo. Mzee Fabiani yupo. Ursula yupo na mama yake, chini ya kipande kimoja cha turubai.

Kipindi cha kwanza bila kwa bila. Goli la ziwani lilikuwa lao, na kipa wao alisimama mbali nalo, lakini mpira umeshiba maji, mzito kama boga. Wetu wakiupiga unalala.

Kipindi cha pili akaingia Anselimu, akasimama kwa ncha za vidole ndani ya dimbwi. Mvua ikazidi. Nangara wakaanza kuogopa boksi kama Mutuka walivyoogopa. Nikaanza kumwona fahali ni wangu. Tatizo likawa Severine, mshambuliaji wao. Severine ameokoka. Alisimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba yeye yuko chini ya damu ya Mwana-Kondoo na haogopi kifurushi cha mtu. Akachukua mpira akaja nao. Mabeki wetu wakampisha. Walikuwa wanangoja mkono wake ukauke. Haukukauka. Akapiga, chini, kona ya kulia.

Nikapiga kelele: fikra, Anselimu, tumia fikra!

Anselimu hakutumia fikra. Miaka yote amedaka magunia. Akaruka. Akaanguka kifudifudi, akateleza na mpira kifuani, visigino vinalima udongo, akapasua gunia kutoka mwanzo hadi mwisho, akatoka nje ya goli upande wa pili, akakomea kwenye kiti cha Mzee Sylvesta.

Refa akaja kutazama kama mpira ulivuka mstari. Mstari haukuwepo. Palikuwa na kitu cheupe kinainuka. Kinapumua. Kinapanda. Refa akarudi nyuma, akateleza, akainuka mweupe mpaka kiunoni.

Mtu akapiga ukelele kwamba dawa inachemka! Nangara wote wakakimbia kuelekea barabarani. Viboko nao wakakimbia, tena mbele yao. Severine peke yake alibaki, anakemea pepo, na kadiri alivyokanyaga kwa nguvu ndivyo kitu kile kilivyoongezeka.

Ndipo Mama Zena aliposhusha beseni. Akainua pua. Nilimwona. Nilijua. Akasema, kwa sauti niliyotaka kuizika pamoja na gunia: "Jamani! Hiyo ni sabuni!"

Sijui niseme nini kuhusu kilichofuata. Wanawake wa Babati hawakukimbia, walimiminika. Khanga, mashuka, mashati ya waume zao yakivuliwa migongoni mwao papo hapo. Mama mmoja alimsugua mtoto kwa mchezaji wa akiba, akidhani ni taulo. Anselimu alitapakaa povu akawa anacheka kama anayebatizwa. Mzee Sylvesta alivua koti la jeshi. Kumbe rangi yake ni ya kijani. Fahali alikata kamba akapita katikati, akatoka anameta, na mpaka naandika haya hajaonekana. Wazee wa kamati za ufundi walifuatana kimya, kila mmoja na kandambili zake mkononi, wakaosha miguu.

Kamanda wa mgambo akapuliza filimbi yake. Watu wakaganda. Akauliza, povu magotini, bidhaa hii ni ya nani? Macho yote yakanigeukia. Yote. Ya Ursula pia.

Hapa ndipo mtu hujulikana. Mimi nilisema ni mali ya Mjerumani.

Nilisema kila mtu anajua Mjerumani alipokimbia vita alizika mali zake nchi nzima. Kumbe hapa alizika sabuni. Kamanda akanitazama. Akatazama watu. Watu wakamtazama, kila mmoja na ushahidi umemkauka mwilini. Ndipo Mama Zena akasema ni kweli kabisa, marehemu babu yake alikuwa akiwasimulia. Na Mzee Sylvesta akasema yeye mwenyewe aliwaona wakizika, ingawa alikuwa bado hajazaliwa.

Akavua kofia. Akaiosha.

Jumatatu, 25 Aprili

Sikukamatwa. Nimehukumiwa kwingine.

Mama Ursula alikuja masjala, nguo nyeupe pe, uso haucheki. Hakukaa. Alisema Mjerumani wangu ni mkarimu sana. Alisema mwaka mzima amefua kwa majani, vidole vimepasuka, na akaniomba mche mmoja, tena kwa kunong'ona, kama mtu anayeomba dhambi. Na mimi nilikuwa nimeshaitia ardhini yote, ikanyagwe. Mwanamume anayezika sabuni, alisema, huyo atamzika binti yangu akiwa hai.

Nikasema mama, niliogopa. Akasema anajua. Kila mtu aliogopa mwaka huu. Lakini wengine waliogopa huku wakimegeana.

Niliangalia meza.

Alipotoka, Ursula aliendelea kupiga taipu kidogo. Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba alijua tangu siku ya wino. Alikuwa anangoja nimwambie. Angenisaidia kuigawa jirani kwa jirani, kipande kipande, na hakuna mgambo ambaye angepata harufu. Nikauliza kama sasa nimechelewa. Akasema ahaa. Hii ilikuwa fupi.

Jioni kikao cha timu, buchani. Kombe halina mshindi, na fahali hayupo. Mzee Fabiani hakunipa hata mfupa. Nimevuliwa ukocha. Kocha mpya ni Anselimu! Sheria yake ya kwanza: kila kipa lazima aruke. Na kipa wake wa kwanza, kwa sababu ya urefu, ni mimi. Nimejaribu kukataa. Mzee Fabiani akauliza kwa upole kama ningependa wazungumze zaidi habari za Mjerumani.

Mazoezi ni kesho. Anselimu ameahidi kunipigia mipira yeye mwenyewe.

Jumatano, 27 Aprili

Mbavu zinauma. Lakini nimepata mwanga!

Shangazi Eliakunda kapita tena akirudi Arusha. Alisikia yote njiani. Huko Singida wanasema kulizuka chemchemi. Hakunigombeza. Akasema kwa Mama Ursula nisikate tamaa, mwanamke akikasirika kwa sabuni hutulizwa kwa sukari. Akaniachia kifuko. Si kidogo.

Nilikaa nayo mapajani, nikayapima maneno ya Ursula. Jirani kwa jirani, kipande kipande. Ni wazo zuri la mtu mwema. Lakini ni hatari mno. Majirani wana midomo.

Kosa langu, nimelichunguza kisomi, halikuwa kuzika. Kosa lilikuwa bidhaa. Sabuni ina harufu na ina povu. Sukari haina hata kimoja! Na golini, nakubali, watu wamezoea kuchimba sasa. Pembeni je? Kwenye kibendera cha kona, upande wa barabara, nani ana shida napo? Viboko hatujapata kona tangu Krismasi. Nimeizika asubuhi hii, kina kizuri, nikiwa nimefungua macho.

Kwa hiyo, wewe uliyesoma hadi hapa bila kumwambia mtu, ukinihitaji, au ukitumwa na Ursula, fanya hivi. Usije ofisini. Usimuulize Mama Zena. Njoo uwanjani jioni ya mazoezi, uzunguke nyuma ya goli la ziwani, upige mluzi mmoja mwembamba. Nitakuwa yule mrefu aliyelala chini. Usiite jina langu. Usikae karibu na kona. Na ukiona mstari mrefu wa sisimizi unavuka uwanja mzima kuelekea huko, tafadhali, tazama pembeni, wala usimwonyeshe mtu.